Vijitabu vya wasifu wa marehemu Kariakoo: tathmini kwa anayemzika baba

Baba akifariki Dar es Salaam, kijitabu cha ibada na wasifu huwa kinamwangukia mtoto mmoja, mara nyingi yule anayejua kompyuta. Turubai lina mtu wake, jeneza lina mtu wake, usafiri una kamati. Kijitabu ni chake peke yake, ana siku mbili, na anafika Kariakoo akiwa hajalala. Tumeandika tathmini hii kwa ajili yake. Tunapima huduma ya maduka ya uchapaji yanayoshughulikia vijitabu vya misiba: maandishi, picha, karatasi, muda na bei. Mwishoni tunagusa jiwe la kaburi, kwa kuwa tarehe zile zile ndizo zinazoishia huko.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa karatasi na rangi, Kariakoo inaweza. Kwa haraka, inaweza sana. Inapoanguka ni kwa marehemu mwenyewe: kijitabu kinatoka safi, kinang'aa, kimekatwa vizuri, na ukikisoma humwoni yule baba.

Sababu inajulikana. Maduka mengi yana wasifu uliokwisha kuandikwa. Mdizaini anafungua faili la msiba uliopita, anafuta jina, anaweka jipya, na sentensi inabaki: "Marehemu alikuwa mchapakazi hodari, mcha Mungu, mwenye upendo na aliyeijali sana familia yake." Hakuna uongo hapo. Ila wiki iliyopita amesomewa mzee mwingine maneno hayo hayo, na mjane aliyekaa kiti cha mbele anasikia sifa ambazo angesomewa mwanamume yeyote. Kuna hatari nyingine pia, ya mabaki. Jina la usharika wa marehemu aliyetangulia, idadi ya wajukuu wake, au neno "mgane" kwenye kijitabu cha mume, vyote tumeviona vikifika kanisani.

Duka zuri unalitambua kwa swali la pili. Mteja anaingia, anapewa kiti.

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, ndugu yangu."

"Mzee alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Reli."

Duka la kawaida linaandika "alikuwa mfanyakazi wa reli" na kuendelea. Duka zuri linauliza: "Reli, kufanya nini?" Halafu linaendelea: alitoka nyumbani saa ngapi? Alirudi na nini mkononi? Ada alilipa kwa mshahara tu, au alikuwa na kitu pembeni? Nyumba aliyoiacha aliijenga kwa miaka mingapi, chumba gani kilianza? Kitu gani ndani ya nyumba hiyo alikitengeneza kwa mikono yake? Jumapili alikaa wapi? Neno gani alikuwa halikosi mdomoni? Maswali haya yanachukua dakika 20, na dukani hayaongezwi bei. Kama duka haliulizi, jiulizeni wenyewe nyumbani usiku wa kwanza, watu watatu wakiwa mezani: mjane, ndugu mmoja wa marehemu aliyekua naye, na mtu mmoja wa kazini kwake. Mtoto peke yake hatoshi, kwa sababu anamjua baba wa nyumbani tu.

Tofauti inaonekana mara moja. Huu ni mfano wa aya inayotoka kwenye maswali hayo:

"Alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Zamu ya asubuhi ilimtoa nyumbani saa 10 alfajiri, na kabla ya hapo alikuwa ameshawakamua ng'ombe wawili ambao maziwa yao ndiyo yaliyolipa ada ya watoto sita. Kila Januari, usiku mmoja, alikaa na gundi na magazeti ya zamani akajaladia madaftari ya wote sita, akaandika majina kwa mwandiko wake. Mtoto aliyerudi na daftari lisilo na jalada alijua ana maelezo ya kutoa."

Aya hiyo haina neno "mchapakazi" wala "aliyeijali familia", na hakuna atakayeuliza kama alikuwa hivyo. Wasifu wa maneno 500 unasomwa kwa sauti kwa takriban dakika 5, na huo ndio urefu tunaoushauri. Ukizidi maneno 800, mshereheshaji ataukata mwenyewe pale mbele, na atakata alichofikia, hata kama ndicho kilichokuwa muhimu.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo makosa yanapojaa na hakuna duka linalokagua. Wazee wengi waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 walikuwa na tarehe mbili au tatu za kuzaliwa: ya cheti cha ubatizo, ya ajira, na ya kitambulisho cha taifa. Tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye karatasi ya kazi mara nyingi ni makadirio ya karani. Chagueni moja, ya karatasi kongwe zaidi, na itumike hiyo hiyo msalabani, kwenye kijitabu na kwenye jiwe. Kwa aliyekuwa mtumishi wa umma kuna njia rahisi ya kukagua: umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Kama wasifu unasema alizaliwa 1946 na barua ya kustaafu kwa lazima ni ya 2010, kuna tarehe moja iliyokosewa, au umri ulipunguzwa wakati wa kuomba kazi.

Historia ya nchi nayo inakagua. Mkataba wa kujenga reli ya TAZARA ulitiwa saini 1967, ujenzi ukaanza 1970, ukakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi 1976. Wasifu unaosema mzee "aliajiriwa TAZARA mwaka 1964" umekosea mwaka au umekosea mwajiri. Aliyefanya kazi reli ya kati kabla ya 1977 alikuwa mtu wa reli ya Afrika Mashariki, kwani Shirika la Reli Tanzania lilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka huo. Mikoa hivyo hivyo. Mzee wa 1948 hakuzaliwa Mkoa wa Njombe, mkoa ulioanzishwa 2012 kutoka Iringa. Manyara ni wa 2002, Songwe ni wa 2016. Andikeni kijiji, kisha "sasa Mkoa wa Njombe". Elimu pia ina nyakati zake: mzee aliyesoma enzi za darasa la nane asiandikiwe "alihitimu darasa la saba" kwa sababu tu ndilo tulilozoea. Haya si madogo. Wenzake waliofanya naye kazi wamo kanisani, na wao ndio mashahidi wa nusu ya maisha yake.

Kosa lisilosameheka ni la majina. Mtoto akiachwa kwenye orodha, hata vikichapwa vijitabu vingine kesho yake, ameshaachwa mbele ya watu. Maandishi yanasema "ameacha watoto 7", orodha ina majina 6: hilo tumeliona zaidi ya kosa lolote jingine. Hesabu iandikwe mwisho, baada ya majina kupangwa na kuhesabiwa kwa kidole. Kama kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa au kuna nyumba mbili, jambo hilo liamuliwe na wazee wa ukoo usiku wa kwanza, lisiachiwe mdizaini wa Kariakoo saa 4 usiku. Shangazi mkubwa ndiye mhakiki bora kwa kazi hii, kwa kuwa anawajua na waliofariki wachanga, na kuna familia zinazotaka nao watajwe. Majina ya wakwe yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika.

Na yasiandikwe: namba ya kitambulisho, namba ya akaunti, jina la mtaa na namba ya nyumba ya mjane. Vijitabu 200 vinasambaa kwa watu 200. Namba ya kupokelea rambirambi itumwe kwenye kundi la familia, ibaki huko.

Tukija kwenye picha, tatizo la kwanza ni WhatsApp. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, hiyo inatosha sentimita 13.5 tu, wakati kava la A5 lina urefu wa sentimita 21 na linahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480. Ndiyo maana sura ya baba inatoka na ukungu. Itume kama faili, au ipelekwe kwa flashi. Kama picha pekee iliyopo ni ya pasipoti, yenye milimita 35 kwa 45, iskaniwe kwa nukta 1,200. Utapata karibu pikseli 1,650 kwa 2,120, na kava linakaribia kukamilika. Kuikuza picha iliyoskaniwa kwa nukta 300 hakusaidii chochote, hata mdizaini akisema ataishughulikia.

Picha za studio za zamani zilizogandana na kioo cha fremu zisibanduliwe. Skani pamoja na kioo chake. Kama hakuna skana, pigeni kwa simu karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, bila mwanga wa simu, simu ikiwa sambamba na picha. Picha yenye jalada la plastiki ina mng'ao. Isogezeni mpaka mng'ao uondoke usoni.

Kuhusu programu za kuboresha sura, msimamo wetu ni kukataa. Picha hafifu ikiingizwa humo inarudi kali na yenye kuvutia, lakini meno si yake, makunyanzi yamepotea, na ngozi imekuwa nyeupe kuliko alivyokuwa. Programu haimjui mzee, inakisia. Mjane anaijua sura hiyo kwa miaka 40 na ataona mara moja. Kuondoa mikwaruzo na madoa ya karatasi kunakubalika, lakini macho, mdomo na nywele visiguswe.

Rangi ina ujanja wake. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haitoi, hivyo kila picha inatoka nyeusi kidogo zaidi karatasini. Kwa ngozi nyeusi na suti nyeusi, bega na shavu vinaungana kuwa kivuli kimoja. Dawa yake ni kuinua sehemu za giza za picha, bila kung'arisha picha nzima, kisha kuchapa kava moja la majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Jaribio la karatasi ya kawaida halikuonyeshi kitu.

Kijitabu cha kawaida ni A5, yaani A4 iliyokunjwa. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12, 16, 20. Ukipeleka maandishi ya kurasa 13, duka litakuongezea kurasa tatu za maua na mishumaa na utazilipia. Tunapendekeza 16: kava na ratiba ya ibada, wasifu kurasa tatu, picha nne, nyimbo nne, na zinazobaki ni salamu za mjane, watoto na ndugu pamoja na shukrani. Nyimbo ziandikwe beti zinazoimbwa tu. Beti zote sita za nyimbo tano zinakula kurasa ambazo zingempa mzee nafasi, na wengi wanazijua kwa kichwa.

Kwa kava chagueni karatasi ya kung'aa ya gramu 250, ndani gramu 115 au 130. Bondi, yaani karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 ni nafuu na ni sawa kwa ratiba tupu, lakini picha ya ukurasa mmoja inaonekana nyuma yake na kuchafua maandishi. Karatasi nzito iliyochapwa kwa mashine ya wino wa unga inapasuka rangi kwenye mkunjo, mstari mweupe ukapita katikati ya kava. Duka lipige mkunjo kwa mashine kabla ya kukunja. Pini ziwe mbili, zimebanwa kutokea nje. Kwa hewa ya chumvi ya Pwani pini za bei rahisi zinashika kutu mapema na kuacha doa la kahawia, kwa hiyo ulizeni ni pini gani. Mwisho, kichwa cha mtu au maandishi yasikae ndani ya milimita 5 kutoka ukingoni, kwani kisu cha kukata pande tatu hakiko sawa kila rundo.

Bei inapangwa kwa karatasi, na wateja wengi wanadhani ni kwa kurasa. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi 4 za A4 zilizochapwa pande mbili. Vijitabu 200 ni karatasi 800, pande 1,600. Mkijua hivyo mnaweza kulinganisha maduka mawili kwa haki. Kwa idadi hii mashine ya kidijitali ndiyo sahihi. Ofseti, mashine ya kuchapa kwa mabamba, inahitaji kutengenezewa pleti (bamba lenye sura ya ukurasa) kwanza, na gharama hiyo inarudi pale tu mnapochapa kwa wingi mkubwa. Ongezeko la "haraka" nalo litazameni vizuri: mashine ya kurasa 60 kwa dakika inamaliza pande 1,600 kwa nusu saa hivi. Kinachochukua muda ni foleni, kukunja, kubana pini na kukata. Mnalipia kuruka foleni, na ni halali kulipia kama mwili unaagwa kesho asubuhi, ila msilipie haraka halafu mkaambiwa kukata ni kesho.

Kabla ya mashine kuwashwa, dai nakala moja kamili ya kusahihisha, iliyokunjwa. Picha ya kioo cha kompyuta iliyotumwa kwenye simu haitoshi, maana haionyeshi kama ukurasa wa 6 umeingia mahali pa 11. Isomwe na watu wawili, mmoja wa upande wa marehemu, mmoja wa upande wa mjane, kwa sauti, kila jina na kila tarehe. Wasaini. Baada ya saini, simu ya mjomba anayetaka kuongeza aya isipokelewe. Marekebisho ya dakika ya mwisho ndiyo yanayozaa makosa mapya, kwa sababu aya moja ikiongezwa, picha za kurasa zinazofuata zinahama na hakuna anayeziangalia tena.

Kama mazishi ni mkoani, gawanyeni vijitabu kabla: vya kuaga Dar na vya nyumbani, kwenye maboksi mawili yaliyoandikwa. Vikiwa vyote kwenye boksi moja, likifunguliwa Dar vinaisha. Na lile la safari lisiwekwe juu ya gari la msafara wakati wa mvua, maana karatasi ya kung'aa ikilowa inagandana na kuchanika.

Familia za Kiislamu zinazika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, hivyo kijitabu cha aina hii hakina nafasi kwenye maziko. Wanaotaka kuyaweka maisha ya baba kwenye maandishi wanafanya hivyo baadaye, na kwa kweli wana nafuu: muda wa kuuliza wazee, kutafuta picha, kusahihisha.

Nyongeza zinazouzwa pamoja tutazipitia haraka. Fulana zenye picha: rangi ya kubandikwa kwa joto inapasuka baada ya kufuliwa mara chache, ziwe chache. Bango kubwa la getini linatosha moja. Video ya picha: dakika 4, kila picha sekunde 6, jumla picha 40, ikizidi hapo watu wanaanza kuzungumza. Picha ya fremu ya sebuleni tunaiunga mkono kabisa, ila iagizwe baada ya msiba, kwa utulivu, kutoka faili lile lile lililorekebishwa rangi.

Jiwe la kaburi lisubiri. Udongo unashuka kwa miezi sita hadi mwaka, na kaburi lililojengewa mwezi wa kwanza linapata ufa au linainama. Vigae ndivyo vinavyoharibika mapema: chini yake kunashuka, juu jua linavipanua, vinainuka kimoja kimoja. Terazo iliyomwagwa juu ya zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inadumu zaidi kwa gharama ya wastani. Nondo ziwe ndani ya zege angalau sentimita 4, hasa Pwani, vinginevyo kutu inazivimbisha na zege linapasuka. Maandishi ya kupaka rangi juu ya saruji yanafifia kwa mvua za masika chache. Ya kuchongwa kwenye graniti nyeusi yanabaki. Mchongaji anatoza kwa herufi, kwa hiyo mpeni jina kamili, tarehe mbili na mstari mmoja kuhusu kazi yake. Kwa yule mzee wa mfano, "Fundi wa Reli" inatosha, na ni bora kuliko sifa tatu.

Mkichukua mzigo dukani, hesabuni vijitabu kabla ya kumaliza malipo, fungueni vitano kutoka katikati ya rundo na kuangalia mpangilio wa kurasa. Ombeni faili la PDF pamoja na lile la kudizaini, na picha za asili zirudi mkononi mwenu siku hiyo hiyo, zimehesabiwa. Baada ya wiki chache kutatokea jina lililokosewa herufi au picha nzuri iliyopatikana kijijini. Hapo rekebisheni faili na mchape nakala 20 hivi za kava gumu, moja kwa kila nyumba ya mtoto, moja kwa kila ndugu wa marehemu, na moja ipelekwe kazini kwake alikostaafu, kama ofisi bado ipo.